Tairi la Ladislausi na Msafara Uliosubiri

Marahaba. Najua bado hamjaniamkia, lakini naitikia kabisa ili tuokoe muda, maana nyinyi vijana mnasema mimi ndiye bingwa wa kuupoteza. Nimewasikia. Juzi nilisimama pale njia panda ya Lusahunga nikimwangalia kijana mmoja akifungua nati za semi kwa ile mashine ya upepo yenye kelele za kuumiza meno. Nati zote zilitoka kabla sijamaliza kukohoa. Nilitamani kumpigia makofi. Yeye akaniuliza kwa heshima kama nimepotea, akataka kunipeleka kwenye mabasi.

Sikuwa nimepotea. Pale alipopiga magoti ndipo nilipopiga magoti mimi karibu maisha yangu yote ya kazi, mpaka magoti yenyewe yakagoma, nikahamia Nyabusozi kulima maharage. Nilikuwa fundi wa matairi. Na nilikuwa fundi mzito kuliko wote waliopata kushika spana kwenye barabara ile ya Rusumo. Madereva wa Burundi na Rwanda walinipa jina la Buhoro, yaani polepole kwa lugha zao, jina ambalo sisi Wahangaza hatuhitaji mkalimani kulielewa. Jina langu la ubatizo ni Protasi, ingawa nadhani hata mke wangu alianza kulisahau.

Ngoja niwaeleze uzito wenyewe, msije mkadhani ni uvivu. Tyubu ikitoboka, unaijaza upepo, unaizamisha kwenye nusu pipa la maji, kisha unaizungusha ukitafuta mapovu. Fundi mwepesi akiona povu la kwanza anatia alama, anakausha, anapiga msasa, anapaka gundi, anabandika kiraka, anapokea hela yake. Mimi nikiliona povu la kwanza nilifurahi, nikatia alama, kisha nikaendelea kuzungusha, maana huwezi kujua kama ule msumari ulikuja peke yake. Dereva mmoja wa pikapu aliniachia tyubu yake akaenda Nyakanazi, akala, akapiga soga na watu wake, aliporudi akanikuta bado naizungusha majini. Akaniuliza kama naibatiza. Tundu la pili halikuwepo. Siku nyingi halipo, na mimi nililitafuta siku zote.

Msidhani nawadharau wepesi. Pale kibandani tulikuwa na Deusi, kijana wa Biharamulo mjini, na mpaka leo nikimkumbuka natikisa kichwa. Deusi alikuwa anaweza kulitoa tairi la lori kwenye rimu yake kwa vyuma viwili na teke moja la kisigino, huku anabishana kuhusu mpira na abiria waliokuwa dirishani. Sijawahi kuona mikono kama ile. Mimi nikimaliza kupanga vyuma vyangu chini kwa mstari, Deusi ameshanawa. Nilimwangalia kama watoto wanavyowaangalia waruka sarakasi, na nilimwambia hivyo hivyo usoni, akacheka, akasema nami nifunge breki mdomoni nifanye kazi.

Mwenye kibanda alikuwa mama mmoja mjane tuliyemwita Mama Editha. Mumewe ndiye aliyenunua kompresa, akafariki kabla ya kuona faida yake, na mama yule akaamua kwamba mashine ya marehemu haitakaa kimya. Alikuwa hapandishi sauti. Alikuwa akikaa kwenye kiti chake cha mbao mlangoni, anaangalia barabara, na kila lori lililosimama kwa fundi wa jirani aliliona. Mimi nilijua kwa nini yanasimama kwa jirani. Yeye pia alijua.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Simeo, aliyekuja kutoka Burundi akiwa kijana na kuweka maskani Ngara, mtu wa sala na tumbaku. Kwake herufi za l na r zilikuwa ndugu wanaoazimana nguo. Siku yangu ya kwanza pale, nikiwa nimetoka Murusagamba na viatu vyangu mkononi ili visichakae njiani, alinipeleka kwenye lori lililobeba saruji. Tairi moja lilikuwa limelala kabisa, lori limeinama upande. Akanishika kiganja, akakiweka kwenye mpira.

“Plotasi, weka mkono hapo, unyamaze,” akasema.

Akafungua koki ya kompresa. Nikasikia mpira ukitetemeka chini ya kiganja, kisha ukakaza. Mbao za bodi zikalia. Halafu lile lori, na saruji yake yote, likaanza kuinuka. Liliinuka taratibu kama ng'ombe anayeamka zizini, likasimama sawa. Nilitazama huku na huku nikitafuta kilichoinua. Hapakuwa na kitu. Ni upepo tu, huu huu wa Lusahunga tunaouvuta puani, wenye vumbi lake na harufu ya mihogo iliyovundikwa. Mzee Simeo aliniangalia nilivyobaki mdomo wazi, na nadhani ndipo alipoamua kunichukua.

Vijana wangu, sikuwahi kuuzoea upepo. Wenzangu waliuzoea, na hilo si kosa, kazi ndivyo inavyotaka. Mimi kila nilipofungua koki nilishikwa na kitu ambacho kanisani nakipata kwa shida. Huo ndio uzito wangu. Mtu akiwa mbele ya jambo kubwa hawezi kukimbiakimbia.

Na nyakati zile upepo ulikuwa na meno. Siku hizi matairi mengi hayana tyubu, rimu ni kipande kimoja, mnajaza mkiwa mnachati. Rimu za malori ya zamani zilikuwa za vipande. Tairi unalivalisha, halafu unalizuia lisichomoke kwa pete nene ya chuma inayokaa kwenye mfereji wake kuzunguka rimu yote. Ukijaza upepo, upepo ndio unaoisukuma pete ikae barabara. Lakini pete ikiwa haikukaa vizuri, au mfereji umeliwa na kutu mahali usipopaona, upepo ule ule unaitupa. Na ikitupwa haichagui mtu.

Kwa hiyo Mzee Simeo alikuwa na utaratibu wake. Tairi lililofungwa tulilitoa nje uwanjani, mbali na ukuta na mbali na magari, tukalilaza chali, pete ikitazama mbinguni. Mpira wa kompresa ulikuwa mrefu, wenye koki huku mwishoni, ili mtu ajaze akiwa mbali. Alisema huko juu wako Mungu na kunguru tu, na wote wawili wanajua kukwepa.

Tatizo lilikuwa moja, na ni la Lusahunga yenyewe. Pale hapakuwa na viti. Abiria wanaosubiri, mama wa ndizi, madereva, wote walikuwa na benchi moja, nalo ni tairi lililolala. Ukilaza tairi uwanjani ukageuka kuchukua mpira wa upepo, ukirudi unakuta mtu amekalia na mzigo wake, anakula muhindi. Hakuna aliyeogopa, maana walikuwa wamekalia matairi miaka yote na hakuna lililowauma.

Deusi alikuwa akiwafukuza kwa neno moja, wanaruka. Mimi nimelelewa Murusagamba. Huwezi kumwinua mtu mzima alikokaa kama unafukuza kuku. Unamwamkia kwanza. Unauliza habari za nyumbani, unasikiliza zinavyojibiwa, mvua, wagonjwa, mjukuu aliyefeli. Ndipo unaomba. Kisha unamwonyesha pa kukaa, na ukifika kwa wa pili unaanza tena shikamoo. Mama Editha alisema nikiwa na tairi na wazee watatu juu yake, afadhali apike maharage.

Sasa niwaambie siku yenyewe.

Miaka hiyo msitu ulio kati yetu na Ngara ulikuwa na majambazi, na magari hayakuruhusiwa kupita peke yake. Yalijipanga pale Lusahunga, mabasi mbele, malori nyuma, askari wakagawanywa humo, kisha msafara ukaondoka pamoja. Ukiachwa, unalala hapo mpaka kesho. Ndiyo maana kazi yetu ilikuwa ya mbio. Kila mwenye pancha alikuwa akikuangalia wewe kwa jicho moja na msafara kwa jicho la pili.

Mchana mmoja msafara ukiwa unajipanga, akaingia Ladislausi. Huyu alikuwa dereva wa lori, mtu wa Rulenge, mteja wetu wa miaka. Tairi lake la nyuma lilikuwa chini, na la akiba alikuwa ameshalitumia tangu Kahama. Alishuka akiwa na shati jipya bado liko kwenye nailoni, ananionyesha. Jioni ile kwao kulikuwa na sherehe ya kumuaga binti yake, Konsolata, na baba ndiye anayemshika binti mkono mbele ya watu na kumkabidhi. Mama yake Konsolata alishafariki. Ladislausi ndiye aliyekuwa mzazi aliyebaki. Kuliacha lori nalo hakuweza, mzigo ulikuwa wa watu. Aliniambia yote hayo kwa haraka, akamalizia kwa kuuliza Deusi yuko wapi.

Deusi alikuwa chini ya basi. Mama Editha akanitazama, na kwa ile sauti yake ya chini akasema, “Protasi, msafara ukimwacha Ladislausi leo, kesho usije.”

Hakuwa na hasira. Nilikuwa na watoto wanne nyumbani, na sikuwa na ufundi mwingine. Nilijibu ndiyo mama, nikachukua vyuma vyangu, na niwaambie ukweli, siku hiyo nilijaribu kukimbia. Vyuma vikaniponyoka mara mbili. Nikaona hapa nitaumia bure, nikarudi kwenye mwendo wangu. Nikatoa tyubu, nikaizungusha majini, nikatia kiraka. Nikapitisha kiganja ndani ya tairi pote nikitafuta waya. Nikasugua pete na mfereji kwa brashi ya chuma. Nikafunga, nikagonga pete pande zote nikisikiliza mlio. Msifikiri nilisikia kitu. Mlio ulikuwa mzuri na pete ilikuwa imekaa, ningeapa mbele ya padre.

Nikalitoa tairi uwanjani, nikalilaza, nikaenda kuvuta mpira wa upepo. Niliporudi nilikuta benchi limepata watu wawili. Upande huu bibi mmoja abiria, mwenye jogoo ndani ya kikapu. Upande ule Ladislausi mwenyewe, na kikombe chake cha chai, anatikisa mguu.

Nikamwamkia bibi. Akaitikia, akauliza natoka wapi, nikamwambia Murusagamba, akauliza ukoo gani. Nyuma yangu nasikia injini za mabasi zinawashwa. Nikamjibu ukoo. Akasema anawafahamu, wana ugomvi. Nikasema ni kweli bibi, nikamwomba asogee kule kwenye mikaratusi, nikambebea jogoo wake, nikarudi.

Ladislausi akasema jaza tu, atainuka upepo ukifika nusu.

Nikamwomba. Akasema amekalia matairi kabla sijazaliwa, jambo ambalo si kweli, nilimzidi miaka. Nikamwomba tena. Akasema anapoteza sherehe ya mwanawe kwa sababu ya mtu anayeamkia kuku. Watu wakacheka. Mlangoni Mama Editha amesimama, mikono kiunoni, na sikuwa nimewahi kumwona akisimama. Mimi sina ujasiri wa maneno. Nikafanya nilichoweza, nikakaa chini vumbini na koki mkononi, imefungwa. Nilijiona mjinga, na nilijiona nimekosa kazi.

Honi ya basi la mbele ikalia. Ladislausi akainuka kwa hasira, kikombe akakiacha pale pale juu ya mpira, akanijia mpaka puani. “Mwanangu atashikwa mkono na mtu mwingine leo,” akasema, “na ni kwa sababu yako.”

Nikamshika mkono, nikatembea naye mpaka mpira wa upepo ukanyooka, akanifuata akitukana njia nzima. Nikafungua koki. Tairi likaanza kujaa. Likanyooka, likakaza, na Ladislausi akageuka arudi kuchukua chai yake. Nilimvuta shati.

Mlio uliokuja sitaweza kuwaeleza. Niliuhisi kifuani kabla ya masikioni. Uwanja wote ukawa vumbi, na nilipofumbua macho Lusahunga nzima ilikuwa imelala kifudifudi, abiria, mama wa ndizi, makondakta, kila mtu akijua majambazi wamefika. Jogoo peke yake ndiye aliyekuwa wima. Mimi nilikuwa nimelala chali, kwa hiyo niliiona. Pete ilikuwa juu. Ilikuwa imepita mikaratusi, inazunguka polepole kwenye jua, imekuwa ndogo kama bangili ya mtoto, na kwa muda ilionekana kama haitarudi. Niliogopa, lakini nisiwadanganye, niliona pia ni kitu kizuri kupita chochote nilichowahi kukiona. Kisha ikaanza kurudi, ikaja ikivuma, ikazama kwenye shamba la mihogo ng'ambo ya kibanda.

Askari wakaja mbio bunduki mkononi. Kiongozi wa msafara siku hiyo alikuwa dada mmoja mrefu, mtulivu, akauliza ni nani amepiga risasi.

“Ni upepo, Afande,” nikasema nikiwa bado chini.

Akaniuliza upepo gani. Nikamwonyesha rimu, ilikuwa imeruka na kutua mbali na pale nilipoiacha, tairi limechanika. Nikampeleka kwenye mihogo. Ilibidi tuazime jembe kuitoa ile pete, na Afande mwenyewe akashika upande mmoja tukaivuta. Ilikuwa imepinda. Kwenye rimu, mahali padogo mno, mdomo wa mfereji ulikuwa umemeguka. Chuma kilikuwa kimechoka kwa ndani. Deusi alikuja akapitisha kidole, nami nikapitisha, na kabla ya hapo kwa macho hakuna kati yetu ambaye angepaona. Kama ni Deusi aliyefunga, ingeruka. Nilifunga mimi na brashi yangu na masikio yangu, ikaruka vilevile. Sikujua. Nilikuwa mzito tu, na watu walikuwa mbali. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo nikiwa shambani peke yangu.

Kikombe cha Ladislausi hatukukiona tena. Yeye alikuwa amesimama pale pale nilipomvuta shati, anaangalia mahali alipokuwa amekaa.

Afande akatazama saa yake, akatazama barabara yenye magari yote yale yanayounguruma. Nikajua sasa basi, msafara unaondoka. Mama Editha alikuwa ameshamwagiza Deusi alete rimu nyingine na tairi kuukuu kutoka ndani, naye Deusi akachuchumaa aanze, maana kwa mikono yake lori lingewahi. Ladislausi akamgusa bega. Akasema, “Afunge Buhoro.”

Deusi akanipisha. Mpaka tunastaafu ikawa ndiyo desturi yetu, yeye afungue, mimi nifunge, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba tubadilishane. Mama Editha akaja mpaka pale nilipokuwa, akaniinamia, akasema nisiharakishe. Kesho yake nilikuja kazini kama kawaida, na hakuna aliyelizungumzia.

Halafu nikasikia injini ya basi la mbele ikizimwa. Kisha la pili. Afande alikuwa anatembea kando ya magari akiwapungia mkono madereva, na moja baada ya jingine yakanyamaza, mpaka la mwisho kule nyuma. Sijawahi kuisikia Lusahunga ikiwa kimya mchana. Watu wakashuka wakasimama mbali, bila kuambiwa, na hakuna aliyekalia kitu. Nilisugua pete mpya. Nilipitisha kiganja. Nilisikia sauti ya brashi yangu ikienda mpaka kwenye mikaratusi na kurudi. Barabara yote ya Rusumo ilikuwa inasubiri mtu mmoja mzito amalize, na hakuna aliyepiga honi.

Ladislausi alikaa chini vumbini na suruali yake safi, karibu nami, akatoa simu. Alibonyeza, akakosea, akabonyeza tena.

“Konso, mama,” akasema. “Waambie wageni waanze kula. Baba yako atachelewa kidogo.”

Akasikiliza. Nikaacha kusugua, maana machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola, na mimi pia sikuwa naona vizuri.

“Hapana, mama,” akasema. “Sijapata ajali.”